Mkono Usiofukuza Nzi

Tangu niache mazingaombwe, ninyi mnaoanza ndio mnaonitafuta. Wengine mnanifuata hapa nyumbani, nyuma ya soko la Bariadi, wengine mnapiga simu. Nilidhani mtaniuliza namna ya kupoteza sarafu au kukata kamba ikaungana. Hayo mmeshayaona kwenye simu zenu. Karibu wote mnaniuliza jambo moja: mtazamaji msumbufu anafanywaje? Yule anayepiga kelele kwamba ameona, anayeshika mkono wako, anayewaambia wenzake siri kabla hujamaliza.

Nitawajibu kwa maandishi ili nisirudie kila siku. Someni mpaka mwisho, kwa sababu sehemu ya kwanza ni rahisi na hata mimi naipenda. Ya mwisho siipendi, lakini ndiyo nilitaka kuiandika.

Watu waliniita Profesa Mabula. Darasa la saba ndilo nililomaliza, uprofesa nilipewa na mpiga debe wa mnadani aliyekuwa akinitangaza kwa kipaza sauti, na mimi sikuukataa. Nimefanya kazi hii kwenye minada ya ng'ombe, kwenye mahafali ya shule, kwenye harusi za mjini na kwenye vituo vya kununulia pamba, kuanzia Busega kando ya ziwa mpaka ndani huko Meatu. Wasumbufu nimewaona wa kila aina.

Yupo anayezunguka nyuma yako. Huyu unamshinda kabla hujafungua mkoba, kwa kuchagua pa kusimama. Mimi nilipenda ubavu wa lori la mahindi. Nyuma yako kuna bati, na mtu akitaka kuchungulia itabidi alale kifudifudi chini ya lori. Mtu aliyevaa shati lake la mnadani hafanyi hivyo.

Yupo anayeshika mkono wako katikati ya mchezo. Mpe kazi. Ashike kofia, avute kamba, ahesabu mpaka kumi kwa sauti. Akiwa na kamba mkononi, hana mkono wa kukushika nao. Akikosea kuhesabu, watamcheka yeye.

Mlevi usibishane naye. Mwite mjomba, mwambie mchezo ujao ni wake, kisha uufanye mchezo ujao uwe mbali. Atausubiri mpaka asahau.

Yupo pia msomi. Huyu hapigi kelele, anamweleza jirani yake. Kwenye mahafali fulani nilimpata ofisa aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, amekaa mstari wa mbele na kaunda suti yake, na kila nilichofanya alisema, kwa sauti ya kutosha wanafunzi wote, kwamba hiyo ni fizikia tu. Nilimwomba apande awafundishe watoto hiyo fizikia. Nikampa glasi yenye maji iliyofunikwa karatasi, nikamwambia aigeuze kama nilivyoigeuza mimi. Aliigeuza. Maji yote yaliishia kwenye suruali, mahali pabaya pa kumwagikiwa maji ukiwa mgeni rasmi. Watoto walicheka mpaka mwalimu wa zamu akapiga kengele. Nilimfuata baadaye kumwomba radhi, naye akaniambia hajawahi kusikilizwa na wanafunzi kwa makini namna ile tangu afike Simiyu. Tulikuwa marafiki mpaka alipohamishwa tena.

Siku hizi yupo wa simu, anayekurekodi kisha anapunguza mwendo wa picha hadi aone kidole kilipoingilia. Kwa huyo sina dawa. Mchezo wake haufanyiki mbele yako, unafanyika baadaye, mahali usipokuwepo. Nitarudi kwake.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Shabani, mtu wa Tabora aliyekuwa akizunguka minada yetu na mkeka, akiuza sindano, nyuzi, nyembe na dawa ya panya. Mazingaombwe kwake yalikuwa namna ya kuita wateja. Alikuwa akitandika mkeka, anasema bismillahi, halafu kabla ya mchezo wowote anatangaza kwa sauti: "Jamani, huu ni wepesi wa mkono. Hakuna dawa hapa, hakuna jini hapa, dawa niliyonayo ni ya panya." Watu wanacheka, ndipo anaanza.

Mimi tangazo lile lilikuwa likiniudhi. Niliona anakata mti kabla ya matunda kuiva. Kwa nini umwambie mtu hakuna kitu, kisha umwombe ashangae? Nilipoanza kusimama peke yangu, kitu cha kwanza nilichokiacha ni lile tangazo. Na kweli, watu walishangaa zaidi. Walikuwa wakiniachia nafasi hata ya kupita.

Kuhusu wasumbufu, Mzee Shabani alikuwa na njia moja aliyoiita kumgeuzia. Mtu akikupigia kelele, unamwita mbele, unaufanya mchezo utokee kwake. Yai unalolitafuta linatoka kwapani mwake. Kuanzia hapo yeye ni sehemu ya mchezo, na hawezi tena kuuharibu bila kujiharibu mwenyewe. Nilimwona akimtoa muuza nyama mmoja mayai manne, na yule bwana, aliyekuwa mkali kama siafu, akaondoka anacheka, akiulizwa na kila mtu anauzaje trei ya mayai.

Lakini njia hiyo ilikuwa na sharti. Alinieleza tukiwa tunakunja mkeka, na nakumbuka kwamba aliacha kukunja ili aniangalie. Alisema: "Mtoe mtu kitu cha kuchekesha. Usimtoe kitu kinachotafutwa."

Nilimwuliza maana yake. Akasema yai linachekesha, lakini mwaka wa njaa usimtoe mtu yai. Kisha akaendelea kukunja mkeka. Nilielewa maneno. Nilidhani kuelewa maneno kunatosha.

Sasa niwaambie habari za Mayu Minza; mayu kwetu ni mama.

Alikuwa mjane wa makamo ya juu, mwembamba, khanga imefungwa begani, kutoka kijiji kimoja upande wa Nkoma. Kijiji chenyewe sitakitaja, maana watu wake bado wapo, na wengi wao si wabaya. Alikuwa analima pamba kwenye nusu eka, na siku za mnada anauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akipima kwa kopo la sado. Popote nilipotandaza vitu vyangu mnadani, yeye alihamia na gunia lake la michembe mbele kabisa, kulia kwangu.

Mara ya kwanza nilikuwa nafanya mchezo mwepesi kuliko yote: kijiwe kinaingia kwenye ngumi mbili, mtazamaji anachagua. Kijana aliyechagua alisema kulia. Nikafungua kulia, hakuna kitu, watu wakaguna. Ndipo nikasikia sauti kali kama ya kuita mbuzi.

"Kushoto."

Nilijifanya sikusikia, nikaendelea na maneno yangu.

"Nimesema kushoto, mwanangu. Au sikio la upande huo limeziba?"

Watu walivunjika mbavu. Nilitafuta njia, nikamwuliza: "Mayu, kwani wewe umelipa kuangalia?"

"Macho yangu nayalisha mwenyewe," alisema. "Fungua."

Sikufungua. Nilibadilisha mchezo. Lakini mnada uliofuata alikuwepo, na uliofuata. Nikificha leso, anasema iko kwenye mkono wa shati. Nikipoteza sarafu, anasema kushoto. Na kila mara, vijana, kila mara alikuwa amepatia. Hakuwa anabahatisha. Watazamaji wengine wanapiga kelele kumi wapate moja, yeye alipiga kelele moja. Nilibadilisha mikono, nikabadilisha maneno, nikafanya haraka, nikafanya polepole. Ilikuwa ni miaka ya kusikia sauti ile.

Leo nikiangalia nyuma naona alichokuwa akifanya. Alikuwa anatangaza kile ambacho Mzee Shabani alitangaza kabla ya kuanza na mimi niliacha kutangaza: kwamba ni mkono tu. Wakati ule sikuona hivyo. Niliona mwanamke anayenilia riziki yangu.

Mchezo wa pamba niliutunga kwa ajili yake. Lazima niseme hivyo, ingawa kwa muda mrefu nilisema niliutunga kwa ajili ya msimu. Nilichukua pamba iliyochambuliwa, isiyo na mbegu, nikaishindilia kwenye kifuko cha kitambaa mpaka ikawa na ukubwa wa limau. Kifuko kikiwa kiganjani hakionekani. Ukivuta kwa ncha za vidole na kupepesa kidogo, pamba inavimba, na inaendelea kuvimba, mpaka kitu cha ukubwa wa limau kinajaza ungo. Nilifanya mazoezi wiki tatu mbele ya kioo cha kabati. Ulikuwa mchezo mzuri. Bado naamini ulikuwa mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kutunga.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kufunguliwa kwa ununuzi kijijini kwao. Mzani ulikuwa haujafika, jua kali, watu wamekaa juu ya marobota yao wakingoja. Mwenyekiti wa kitongoji aliniomba niwachangamshe. Nilianza na kijiwe.

"Kushoto," alisema Mayu Minza, akiwa bado anafunga gunia lake.

Nikamwambia: "Mayu, leo hakiko kushoto wala kulia. Leo kiko kwako. Njoo hapa."

Alikuja bila wasiwasi, anajipangusa mikono kwenye khanga. Niligusa ncha ya khanga begani pake, nikaanza kuvuta. Pamba ilitoka. Watu wakacheka. Nikavuta, ikatoka zaidi, nikaiweka kwenye ungo, nikavuta tena kwa mkono mwingine kutoka nyuma ya shingo yake. Ungo ulijaa, ukamwagika. Nilisikia vicheko ambavyo sijawahi kuvisikia tena, watu wazima wamelala juu ya marobota wakishika matumbo. Nikasema, na maneno haya ni yangu, hakunipa mtu: "Kumbe ninyi mnalima, Mayu anavuna."

Yeye mwenyewe alicheka kwanza, mkono mdomoni. Halafu akachukua kipande kwenye ungo, akakisugua kwa vidole, akanitazama.

"Hii haina mbegu," alisema. "Imechambuliwa. Pamba ya shamba ina mbegu."

Hakuna aliyemsikia, isipokuwa mimi. Alirudia mara ya pili, kelele zikamfunika. Hiyo ndiyo mara pekee niliyofanikiwa kumnyamazisha.

Kijana mmoja alikuwa amerekodi. Picha ile ilianza pale mkono wangu ulipogusa khanga na kuishia ungo ulipomwagika. Haikuwa na neno "kushoto." Haikuwa na "haina mbegu." Ilikuwa na sauti yangu tu, ikisema anavuna. Kufika jioni ilikuwa Bariadi, kesho yake Maswa na Mwanza, na aliyeisambaza aliandika chini yake: bibi anavuna bila jembe. Ulikuwa utani. Nilipigiwa simu za harusi kuliko msimu wowote uliopita. Kila mwenye harusi alitaka ile ya pamba.

Mwaka ule pamba haikuwa nzuri. Ninyi wa huku mnakumbuka wenyewe: mvua ilikatika vibaya, viwavi wakaingia kwenye vitumba. Mkono wa kwanza, yaani mchumo wa kwanza, watu waliuza, wa pili ulikuwa mbegu nyingi na nyuzi kidogo. Robota linaonekana kubwa, mzani unasema vingine. Na katika kijiji kile kulikuwa na nusu eka moja iliyobeba vizuri. Nilipochunguza baadaye niliambiwa sababu na mwanamke aliyepakana naye shamba: Mayu Minza alikuwa akiingia shambani kila alfajiri na kopo, anaokota viwavi mmoja mmoja, anamwagia kuku wake. Wenye eka tano hawawezi kufanya hivyo. Yeye alikuwa na nusu eka na hana pa kwenda.

Habari ya kwanza niliipata kwa dereva wa lori la pamba, tukinywa chai sokoni hapa. Aliniuliza kama ninajua yule bibi wa kwenye video yangu hasalimiwi siku hizi.

Nilimwuliza hasalimiwi vipi.

"Watu wanapita tu," alisema. "Wanasema pamba yao iko kwenye khanga yake."

Kwa wasiotoka huku: kusalimiana kwetu si kupunga mkono. Mtu anasimama, anakuuliza ulivyoamka, anauliza watoto, ng'ombe, mvua, na wewe unajibu na kumwuliza. Inachukua muda, ndiyo maana ina thamani. Mtu akipita mbele ya uwanja wako na jembe begani bila neno, na wa pili akapita, na wa tatu, umeshaambiwa kila kitu.

Nilielewa palepale. Ninataka mjue hilo, kwa sababu watu wananihurumia wakidhani sikujua. Nilielewa, nikalipia chai, nikaenda harusi. Ilikuwa Jumamosi na nilikuwa nimeshaahidi. Nilijiambia nitakwenda Jumatatu. Jumatatu nikajiambia kwamba nikienda kueleza, itabidi nionyeshe kifuko, na kifuko kikionekana mchezo umekufa, na nilikuwa nimeahidi harusi nyingine mbili. Nilijiambia pia watu wakivuna mtama watasahau. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa nzuri. Ile ya pamba niliifanya mara nyingine kadhaa kabla sijakwenda.

Nilipofika kwake ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa anatwanga mahindi kwenye kinu, na mashine ya kusaga iko umbali wa kutupa jiwe, inanguruma. Mwenye mashine alikuwa amemwambia foleni ni ndefu. Alimwambia hivyo kila siku.

Nilimsalimia. Aliacha kutwanga, akaitikia salamu yote, mpaka mwisho, kama mtu anayekula baada ya kukaa na njaa. Akanipa kigoda. Nilikuwa nimejiandaa kwa kutukanwa, hata maneno ya kujitetea nilikuwa nayo. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja.

"Siku zile nikikuambia kushoto, kwa nini ulikuwa hufungui?"

Nilimwambia ndivyo kazi ilivyo.

"Ungefungua tu," alisema. "Ningecheka, ningenyamaza. Nilitaka kujua kama nimepatia."

Kwa sababu nilikuwa nimelitamani jibu kwa miaka, nilimwuliza alikuwa anajuaje. Alinionea huruma kidogo, niliona.

"Mnadani kuna nzi," alisema. "Wanatua kwenye mikono yako yote miwili. Wa kulia unawafukuza. Wa kushoto unawaacha wanatembea. Mkono ulioshika kitu haufukuzi nzi, unaogopa kukiangusha."

Miaka yote ile nilikuwa nikifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, ndani ya nyumba, mahali pasipo na nzi. Mzee Shabani hakuliona hilo, mimi sikuliona, na hakuna video itakayowaonyesha. Liandikeni. Ni siri bora kuliko zote nilizonazo, na aliyenipa ni yeye.

Nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji aite watu. Walikuja wengi, palepale kwenye kituo cha pamba, wakakaa kwa adabu. Nilisema kwanza maneno ya Mzee Shabani, ambayo sikuwa nimeyasema kwa miaka mingi, kwamba huu ni wepesi wa mkono na hakuna dawa hapa. Nikaonyesha kifuko. Nikaonyesha pamba ikishindiliwa, nikaonyesha kiganja kinavyoificha, nikavuta polepole. Nikamwita mwanamume mmoja afanye mwenyewe, akafanya, pamba ikamtoka mkononi ikajaa ungo. Nikawapa kila mmoja aishike, nikawaambia: tazameni, haina mbegu, ni ya kiwandani, Mayu Minza aliwaambia hivyo siku ileile.

Nilikuwa nangoja kelele. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kumhitaji msumbufu kama siku hiyo. Nilitaka mmoja tu asimame aseme tumeona, ni kifuko, ametudanganya huyu, mpigeni. Ningeyafurahia hata mawe. Mtu pekee ambaye angesema hivyo alikuwa nyumbani kwake, kwa sababu hakuitwa.

Mwenyekiti alinishukuru. Alikuwa mtu mpole. Akasema: "Profesa, ya kwako tumeiona. Ya kwake hatujaiona."

Nikasema hakuna ya kwake.

Mzee mmoja wa nyuma, anayetafuta maneno taratibu, aliinua ile pamba aliyokuwa ameishika. "Lakini umesema vizuri kuhusu mbegu," alisema. "Mwaka huu sisi tumevuna mbegu. Nyuzi ndizo hazikuonekana. Sasa tumejua zilikwenda vipi."

Watu waliitikia kwa vichwa. Hawakuwa na hasira na mimi. Mmoja alinibebea mkoba mpaka barabarani.

Nilikwenda kwa viongozi wa kata, nao walikuja wakahutubia, na watu wakawasikiliza kwa adabu ileile. Hakuna aliyemgusa Mayu Minza, hakuna aliyemtupia jiwe, kwa hiyo hakukuwa na kosa la kuandika. Huwezi kumshtaki mtu kwa kutosalimia. Ilipofika wakati wa kupanda, hakupata mtu wa kumlimia kwa ng'ombe, wala wa kumwuzia mbegu. Binti yake Nyamizi, aliyeolewa Nassa, alimtuma mumewe na pikipiki ya matairi matatu. Walipakia kinu, kitanda, kuku, na sado. Niliambiwa kwamba alipita kijiji kizima akiwa amekaa nyuma juu ya kitanda, akisalimia kila uwanja kwa jina la mwenyewe. Kwa jinsi nilivyoelezwa, hakupata jibu hata moja.

Nusu eka ile sasa ina mtama wa mtu mwingine.

Niliendelea na kazi kidogo. Niliacha kumgeuzia mtu yeyote. Mtazamaji akisema kushoto nilifungua kushoto, nikampa mkono na kumsifu. Ajabu ni kwamba watu waliipenda, maana mchezo uliofuata waliutazama kwa makini zaidi, na aliyepatia alikuwa rafiki yangu mpaka mwisho. Hilo ndilo jibu la swali lenu, kama mlikuwa mnalingoja. Mwambieni kabla kwamba ni mkono tu. Akiona, mfungulieni. Huyo anayewasumbua ndiye pekee katika umati anayejua kwamba ninyi ni watu wa kawaida, na iko siku mtahitaji ajue hivyo kwa sauti.

Nilikwenda Nassa mwaka jana. Nyumba ya Nyamizi iko karibu na ziwa, na siku hiyo dagaa walikuwa wameanikwa mpaka mlangoni. Mayu Minza alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Amekonda zaidi. Alinisalimia, lakini kwa kifupi, kama watu wa mjini, na macho yake hayakukaa juu yangu. Nyamizi alinivuta pembeni, akaniambia mama yake hasemi sana siku hizi. Wakienda gulioni anakaa nyuma. Mtu akimpunja kipimo anaona, na ananyamaza.

"Baba, mfanyie ule mchezo wako," Nyamizi aliniambia. "Ule wa kijiwe. Zamani alikuwa anatusimulia hadi tunalia kwa kucheka. Labda atakujibu."

Nilichuchumaa mbele ya mkeka. Nikasema huu ni wepesi wa mkono, Mayu, hakuna dawa hapa. Nikaonyesha kijiwe, nikapitisha mkono juu ya mkono, nikafunga ngumi mbili, nikazinyoosha mbele yake. Nikamwuliza kiko wapi.

Kwa dagaa wale, nzi walikuwa wengi. Mmoja alitua kwenye ngumi yangu ya kulia, nikampunga. Mwingine akatua kwenye ya kushoto. Nilimwacha, makusudi. Alitembea kwenye vidole, akazunguka kifundo, akasimama, akajisugua miguu.

Mayu Minza alimtazama yule nzi. Alimtazama muda mrefu, akanitazama mimi usoni. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea kuchambua mchele.